Mama kijacho na mkopo wa nyumba: anza na barua ya kazini

Watu wengi wanaamini ukishabeba mimba habari za mkopo wa nyumba ndo basi tena, usubiri ujifungue, usubiri mtoto achangamke, na huku bei za nyumba zinazidi kupanda. Sio kweli jamani. Benki inaangalia kipato, na swali lake kubwa ni moja, hela ya rejesho itatoka wapi kila mwezi mpaka deni liishe? Ukilijibu hilo kwa karatasi, kazi kubwa umeshaimaliza.

Kwa hiyo usianzie benki, anzia kazini kwako. Nenda kwa HR (idara ya rasilimali watu) uombe barua, na barua yenyewe isiwe ile ya "tunathibitisha fulani ni mfanyakazi wetu" halafu basi. Hiyo haisaidii kitu. Iandikwe tarehe unayoanza likizo ya uzazi, tarehe unayorudi, cheo utakachorudia, saa za kazi, mshahara utakaolipwa ukirudi, na utalipwa shilingi ngapi kila mwezi ukiwa likizo. Sentensi inayokubeba ni kama hii: "Atarejea kazini tarehe fulani katika nafasi yake ya sasa, kwa mshahara wa kiasi fulani kwa mwezi." Na wewe andika yako fupi ukisema unakusudia kurudi tarehe hiyo hiyo, weka saini. Ambatanisha na slipu za mshahara za kabla ya likizo, maana ukipeleka za likizo peke yake afisa mikopo atakupigia hesabu kwa mshahara uliopungua na utaonekana hukopesheki kabisa.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, benki nyingi hupiga simu kazini kwako, na wengine wanapiga tena siku chache kabla ya kutoa hela. Sasa akipokea mtu wa mapokezi akasema "huyo hayupo, ana muda hajaja", faili lako linaweza kusimama hapo hapo. Ongea na HR mapema, mpe afisa mikopo namba ya mtu anayejua kwamba bado umeajiriwa, uko likizo ya uzazi na unarudi lini.

Je, uwaambie kama una mimba? Mimi nasema hivi, kama fomu inauliza kuna mabadiliko yoyote ya kipato au matumizi unayoyategemea, jibu ukweli. Ile fomu unaisaini, na kudanganya kwenye maombi ya mkopo ni kesi nzito kuliko mimba yoyote. Ila maswali ya unatarajia kuzaa wangapi au unatumia uzazi wa mpango gani hayawahusu. Marekani sheria ya usawa kwenye mikopo ya mwaka 1974 na kanuni zake zinamkataza mkopeshaji kuuliza mambo hayo, na Uingereza ipo Sheria ya Usawa ya 2010 inayozuia mjamzito kubaguliwa kwenye huduma. Ukinyimwa mkopo omba sababu kwa maandishi. Sababu ikiwa ni kipato, utajua cha kurekebisha, ikiwa ni "subiri kwanza ujifungue" hiyo peleka ngazi ya juu ya benki, wakikataa peleka kwa msimamizi wa mabenki.

Haya, tuje kwenye hesabu, na hapa usiiachie benki ikufanyie, fanya mwenyewe. Malipo ya likizo yanatofautiana sana, Kenya ni miezi 3 kwa mshahara kamili, Tanzania siku 84 au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, Uingereza likizo inafika wiki 52 lakini malipo ya kisheria ni wiki 39 na baada ya wiki 6 za mwanzo yanashuka sana, Marekani sheria ya taifa ya 1993 inakupa wiki 12 bila malipo. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 183 wenyewe unataka wiki 14 na angalau theluthi mbili ya mshahara.

Chukulia mshahara wako ni 100, matumizi 60, rejesho 30, unabakiwa na 10, safi. Ukilipwa theluthi mbili unapata kama 67, matumizi na rejesho ni 90, pengo 23 kila mwezi. Miezi minne ni 92, yaani karibu mshahara mzima unatakiwa uwe umekaa pembeni kama akiba, hapo hata nepi hujanunua. Ukiongeza miezi ya likizo bila malipo, kila mwezi ni 90 nzima. Hiyo akiba ionekane kwenye taarifa yako ya benki, isiwe ndani ya kabati, kwa sababu wakopeshaji wengine wanaikubali kama kitu cha kuziba pengo. Halafu ongeza gharama ya mlezi wa mtoto ukirudi kazini, na kama unajua kabisa utarudi nusu siku basi piga hesabu kwa mshahara wa nusu siku.

Uliyejiajiri, kazi yako ni kuonyesha hesabu za miaka miwili hivi na nani ataendesha biashara ukiwa umejifungua. Wa mkataba unaoisha katikati ya likizo, pambana upate mkataba mpya kwanza ndo uombe.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri dada zangu. Wengine wanaambiwa "kwa kuwa wewe uko likizo, tutumie mshahara wa mume tu". Inaweza kuwa njia nzuri ya kupitisha mkopo, lakini uliza jina lako litakaa wapi kwenye hati ya nyumba. Dipoziti umechanga, marejesho utachanga ukirudi kazini, halafu hati ina jina moja? Hapana. Ulizeni kabla ya kusaini, na kama benki hiyo hairuhusu wamiliki wawili kwa mkopaji mmoja, tafuteni nyingine au subirini urudi kazini muombe wote.

Mwisho ni tarehe. Uthamini wa nyumba na mambo ya wanasheria huchelewa, kwa hiyo saini ya mwisho inaweza kuangukia wiki ya kujifungua. Muulize wakili mapema kuhusu hati ya kumruhusu mtu unayemwamini asaini kwa niaba yako, na uhakikishe benki inaikubali kabla hujaingia mwezi wa tisa wa mimba.