Counter-Strike 2: bomu likishategwa, liache

Wanangu wa vibanda vya gemu Sinza na Kinondoni, kwenye gemu hili la timu mbili kupigana risasi, mkiwa upande wa magaidi na mkishatega bomu msiligande kama kuku na mayai. Rudini nyuma, wawili pembe mbili tofauti, kila mmoja akiliona bomu kwa mbali. Pale B, moja ya sehemu mbili za kutegea bomu kwenye ramani ya Dust II, litege upande unaoonekana kutoka handakini. Bomu hulipuka baada ya sekunde 40; kulitegua huchukua 10, au 5 kwa mwenye kifaa cha kutegulia. Kwa hiyo anayepaswa kuhangaika ni mpinzani, nyie subirini. Mlio wa kutegua ukisikika, mmoja tu achungulie, maana wajanja hugusa bomu na kuachia ili mtokeze kichwa.

Mbinu hii inafeli wapinzani wakirusha moshi juu ya bomu: hapo tupeni guruneti, moshi utapasuka kidogo mpige. Inafeli pia intaneti ikiwa nzito. Seva ikiwa Johannesburg na ping (muda wa data kwenda na kurudi kwenye seva) imepanda, ukisimama tuli mpinzani anayechomoza anakuona kabla hujamuona. Siku hizo kaeni pembe za karibu zaidi.