Kupanga tathmini ya mradi wa utulivu mashariki mwa Kongo

Kabla ya kuandika dodoso, uliza mradi ulidhani amani ingekujaje. STAREC, mpango wa serikali ya Kongo ulioanza 2009, uligusa barabara, polisi na kurudi kwa wakimbizi wa ndani. Barabara ilitarajiwa kuifikisha serikali kijijini. Lakini barabara hiyohiyo humpa mwenye bunduki mahali pa kuweka kizuizi na kutoza watu. Ndiyo maana mimi huhesabu vizuizi kabla ya kilomita, na huwauliza mama wa sokoni: mnalipa nini, mnamlipa nani, usiku mnalala nyumbani au porini?

Tenga pia vijiji ambavyo mradi haukufika, vya kulinganishia.

Timu ni jambo zito. Katika jimbo la Ituri, ambako jamii za Wahema na Walendu zimepigana, wahoji wakiwa Wahema watupu au Walendu watupu, utarudi na nusu ya habari. Na tangu utawala wa kijeshi uwekwe huko Mei 2021, usimhoji mtu mbele ya askari. Majina ya wahojiwa yasiandikwe popote; daftari likikamatwa, watakaoumia ni wao.

Bajeti ya kurudi kuwasomea wanakijiji matokeo iwekwe mapema, maana wafadhili huikata kwanza.