Namna ya kufukua asili ya maneno ya Kiingereza ukiwa Tabora, tuanze na vitabu na sufi

Wengi wetu tukikutana na neno gumu la Kiingereza tunatafuta maana, tunaandika pembeni kwa penseli, imeisha hiyo. Ila ukijua neno limetoka wapi halikutoki kichwani kirahisi, na kuna maneno ambayo mtu wa huku kwetu, kwenye miombo na mizinga na nta, anayaelewa vizuri kuliko hata Mwingereza wa mjini. Nachukua makundi mawili tu, maneno ya vitabu na maneno ya yale manyoya meupe ya mimea.

Kwanza kifaa. Dikshonari ndogo za mfukoni zinatoa maana tu, hazitakufikisha popote. Tafuta ile kubwa inayoweka asili ya neno ndani ya maelezo, au ingia Etymonline au Wiktionary kwenye simu, ni bure na bando haziligusi sana maana ni maandishi matupu. Utakutana na vifupisho: OE ni Kiingereza cha kale, ON ni lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, L Kilatini, Gk Kigiriki. Ukiona kinyota kabla ya neno ujue hilo halijakutwa limeandikwa popote, wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha ndugu.

Haya, tafuta library. Itakupitisha Kifaransa, itakufikisha Kilatini kwenye liber, kitabu, na hapo ndo watu wengi wanafunga simu. Usifunge. Bonyeza liber yenyewe uone maana ya zamani zaidi: gome la ndani la mti. Nenda sasa kwa mzee yeyote anayetengeneza mizinga ya magome umuangalie anavyobandua, nje kuna ganda gumu lenye mipasuko, ndani kuna tabaka laini lenye unyevu na nyuzinyuzi ndefu, hilo la nyuzi ndo watu wanafungia mizigo porini. Liber ndo hiyo. Warumi wenyewe walisimulia kwamba zamani watu waliandika kwenye magome, jina likabaki hata kitu chenyewe kilipobadilika.

Codex ndo tamu zaidi. Mwanzo ni caudex, shina au gogo la mti. Warumi walikuwa wanachukua vibao, wanachimba katikati kidogo wanaacha ukingo, wanajaza nta, wanaandika kwa kijiti chenye ncha kinachoitwa stilus (staili tunayosema leo imetokea hapo hapo), vibao vikifungwa pamoja kikawa kitabu. Baadaye sheria zikaandikwa kwenye vitabu vya namna hiyo, ndo code ikawa sheria, halafu ikawa maandishi ya siri, leo vijana wanakaa usiku kucha wanaandika kodi za kompyuta kumbe jina la kazi yao ni gogo. Na hiki unaweza kukijaribu, nta Tabora haijawahi kuwa shida: weka nta kwenye kopo, kopo liweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka (usiibandike motoni moja kwa moja, nta inashika moto), mimina kwenye kibao chako, ikipoa andika kwa msumari. Ukikosea unaisawazisha na kitu bapa, unaanza upya. Ukifanya hivyo codex hutaisahau.

Volume ni kitu kinachoviringishwa, maana vitabu vya zamani vilikuwa vya kuviringisha, inatosha. Paper imetoka papyrus, yaani mafunjo, haya haya yaliyojaa kwenye mabwawa ya Malagarasi.

Hatua ambayo watu wanairuka ni kuangalia na upande wa Kiswahili. Karatasi tumeitoa Kiarabu, Waarabu waliipata kutoka Kigiriki, khartes, na khartes hiyo hiyo kwa njia ya Kilatini ikazaa card na chart za Kiingereza, na kwa Wareno ikazaa karata tunazopigia pale kijiweni. Karatasi, karata, kadi na chati, ukoo mmoja, wameingia kwetu kwa milango tofauti.

Halafu usiamini kila stori nzuri. Book wengi wanaihusisha na mti wa beech wa Ulaya, ila kuna wataalamu wanaolipinga hilo, kwa hiyo kwenye daftari weka alama ya kuuliza ukaendelee.

Sasa manyoya. Andika down na mtego unakuja hapo hapo: ni maneno mawili yameandikwa sawa. Ya manyoya laini imetoka kwa watu wa Skandinavia, dúnn. Ya kushuka chini imetoka Kiingereza cha kale, ofdune, kutoka mlimani, maana dun ilikuwa kilima! Kwa hiyo kabla hujafuata asili hakikisha namba ya ingizo, 1 au 2, la sivyo utapeleka bata kwenye ukoo wa mlima.

Sufi ya msufi Waingereza wanaiita kapok, wameitoa Kimalei. Sisi sufi yetu ni ya Kiarabu, na huko maana yake ni sufu ya kondoo. Na yale manyoya ya juu ya mbegu zinazopeperuka wataalamu wa mimea wanayaita pappus, Kigiriki pappos, babu, kwa ajili ya mvi. Kwenye kishona nguo huyo babu amegeuka miiba, ndo ile inayokung'ang'ania suruali ukitoka shamba.

Ukitaka zoezi, chukua comet. Dokezo ni nywele. Njiani utakutana na coma ya mbegu, hiyo ifuate, ila coma ya hospitali iache, ni neno lingine kabisa.