Jinsi ya kuisoma meza ya pool kabla ya kucheza: kitambaa, mteremko na unyevu wa ziwa

Juzi mdogo wangu anayekaa Mabatini, Mwanza, alinipigia simu saa nne usiku, yuko Nansio kule Ukerewe. "Kaka, mkono umenikataa. Nikiurudisha mweupe haurudi, unafika pale unasimama." Mweupe ni ule mpira unaopigwa kwa fimbo, na kuurudisha ni kuupiga chini ya katikati ili ukigonga mwenzake urudi nyuma. Nikamuuliza meza imewekwa wapi. Barazani, akasema, hatua chache kutoka ziwani, na mvua imenyesha tangu alasiri. Nikajua mkono wake ni mzima. Alikuwa anapiga kwa kipimo cha meza ya nyumbani, iliyo ndani na kavu, kwenye kitambaa kilichonyonya maji ya hewa kutwa nzima. Tuliongea dakika kama ishirini, akarudi mezani akacheza vizuri. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo kwenye simu hayakupata nafasi.

Nacheza na kutengeneza meza hapa Mwanza, Kirumba, Pasiansi hadi Nyegezi, na ninachokiona kila wiki ni wachezaji wazuri wanaobadilisha mkao, kyu (fimbo ya kupigia) na hata macho, wakati kilichobadilika ni meza.

Kwanza, jua mpira unavyokwenda

Mpira ukipigwa katikati hauanzi kubingirika. Unaanza kwa kuteleza, kama mtumbwi unaosukumwa juu ya mchanga mbichi, na kitambaa kinaukamata kidogo kidogo mpaka ubingirike. Ukishaanza kubingirika unakuwa umebaki na sehemu 5 kati ya 7 za mwendo ulioanza nao. Mzunguko wa nyuma unaoupa mweupe unaishi katika kile kipande cha kuteleza tu. Kitambaa kinachokamata sana hukifupisha kipande hicho, na kitambaa laini na kikavu hukirefusha. Kila hatua iliyo hapa chini inajibu swali hilohilo: kwenye meza hii, leo, mpira unateleza umbali gani?

Hatua ya 1: Vifaa

Brashi ya kitambaa, taulo dogo la pamba, pima maji ya sentimita 60 au zaidi, spana, na kipande cha kioo cha dirisha. Kioo nitakieleza mbele.

Hatua ya 2: Linganisha mweupe na mipira mingine

Wengi hawalifanyi hili. Kwenye meza nyingi za koini mweupe ni mdogo kuliko wenzake, na udogo huo ndio unaoifanya mashine iutambue na kuurudisha unapozama. Vipimo vya kawaida vya seti ya namna hiyo ni milimita 50.8 kwa mipira ya kuchezea na milimita 47.6 kwa mweupe. Tofauti ni ya milimita tatu tu, lakini kama imetengenezwa kwa malighafi ileile, mweupe unakuwa mwepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Weka mweupe katikati ya mipira miwili iliyogusana nao, laza rula juu, chungulia kwa usawa wa macho. Ukiona mwanga kati ya rula na mweupe, umeshajua.

Mweupe mwepesi hurudi nyuma kirahisi na hufuata mbele kwa shida. Ukiupiga ili usimame pale ulipogonga, utarudi kidogo wenyewe. Basi ipandishe ncha ya kyu juu kidogo ya pale ulipozoea. Kama mipira yote inalingana (milimita 57.15 kwa seti kubwa za Kimarekani), pita hatua hii.

Hatua ya 3: Pitisha kiganja kwenye kitambaa

Pitisha kiganja taratibu kwa urefu wa meza, kwenda na kurudi. Ukihisi ulaini upande mmoja na ukakasi upande mwingine, hicho ni kitambaa cha vinyweleo. Kwa kawaida vinyweleo hulala kutoka upande wa kuvunjia (anakosimama anayeanza mchezo) kwenda upande wa kupangia mipira. Piga brashi kufuata upande wa ulaini, mkono mrefu usiorudi nyuma. Usisugue mviringo.

Kitambaa kisicho na vinyweleo, kile kilichosokotwa kikabana kama suti, ni laini pande zote. Ukikikuta, nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Neno kuhusu pasi: kitambaa cha vinyweleo kinaweza kupigwa pasi ya umeme yenye joto dogo, kufuata vinyweleo. Ijaribu kwanza kwenye gazeti. Gazeti likibadilika rangi, pasi ni ya moto mno. Pasi ya mkaa isikaribie meza. Nimeona cheche moja ikitoboa kitambaa kipya cha mtu.

Hatua ya 4: Tofautisha mteremko na vinyweleo

Hapa naomba utulie, maana hatua hii ilinigharimu usiku mzima na heshima ya mteja.

Kuna baa moja Kirumba walibadilisha kitambaa, wakaniita niiweke meza sawa. Nikaupiga mpira polepole kukatiza meza kuelekea shimo la kati. Ulipokaribia, ukapinda kuelekea upande wa kupangia, ukagonga pembe ya shimo. Nikarudia kutoka upande wa pili: ukapinda kulekule. Nikasema meza imelala upande wa kupangia. Nikakunja maboksi, nikatia chini ya miguu ya upande huo, nikajaribu, nikaongeza, nikajaribu tena. Saa nne nzima. Mwishowe mpira wa polepole ukaenda shimo la kati bila kupinda, nikachukua hela yangu nikalala.

Kesho yake mwenye baa akanipigia, sauti imepanda. Kila mtu akivunja, mipira inarudi kujikusanya upande wa kuvunjia. Mpira unaofika polepole kwenye shimo la kona upande wa kupangia unasita mdomoni halafu unarudi. Meza ilikuwa sawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeiinamisha.

Kilichokuwa kinaupinda mpira ni vinyweleo vya kitambaa kipya. Mpira unaokatiza vinyweleo polepole husukumwa kuelekea vilikolalia, na kadiri unavyopoteza mwendo ndivyo unavyopinda zaidi. Mteremko nao hufanya hivyohivyo kabisa. Ukiangalia mpira peke yake kwenye kitambaa, huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa madirisha jirani na ile baa. Aliniona napiga magoti kwenye maboksi, akaja na kipande cha kioo, akakilaza juu ya kitambaa, akaweka mpira juu ya kioo na kuuachia. Ukaondoka taratibu kuelekea upande wa kuvunjia. Kioo hakina vinyweleo, kwa hiyo mpira ulio juu yake unatii mteremko tu.

Fanya hivi:

Chukua kioo cha milimita 5 au 6, chenye urefu wa kama sentimita 60. Zungushia kingo zake selotepu nene kabla hakijagusa meza, maana ukingo mkali ukiburutwa mara moja tu kitambaa kimeisha. Futa kioo pande zote mbili. Punje moja ya mchanga chini yake inatosha kukuongopea. Kilaze, usikiburute. Kukihamisha, kinyanyue.

Usiusukume mpira kwa mkono, mkono huongeza mzunguko bila wewe kujua. Kunja jalada la daftari liwe mfereji, inua upande mmoja kwa chaki mbili, achia mpira kutoka juu ya mfereji. Hapo kila mpira unaondoka na mwendo uleule.

Jaribu sehemu tano: kona nne na katikati. Juu ya kioo mpira ukienda ulivyoelekezwa, na juu ya kitambaa ukapinda, ni vinyweleo. Acha miguu ya meza. Unapocheza shimo la kati polepole, lenga mdomo wa shimo ulio upande wa kuvunjia, vinyweleo vitaumalizia. Ukipinda hata juu ya kioo, meza imeinama kweli, na sasa ndipo pima maji inatoka.

Pima maji nayo ihakikiwe. Iweke mezani, soma kipovu, kisha igeuze kichwa kwenda mkiani palepale. Kipovu kikihamia upande mwingine wa meza, chombo ndicho kibovu. Nina pima maji niliyoitumia mwaka mzima kabla sijajua.

Kama miguu ina skrubu za kurekebishia, tumia spana na usiguse kitu kingine. Kama haina, weka vipande vya plaiwudi. Maboksi nimeyaacha kabisa: Mwanza yakinyonya unyevu yanabonyea, na baada ya wiki meza imelala tena. Mpira wa tairi nao unabonyea. Na kama meza imesimama juu ya udongo au pavingi zilizolegea, weka kipande kipana cha ubao mgumu chini ya kila mguu, la sivyo mvua kubwa ya kwanza ya masika itazamisha mguu mmoja na kazi yako yote.

Kuna hali moja ambayo kabari haitibu. Meza yenye bamba la jiwe haibadiliki kwa unyevu. Meza ya bei ndogo yenye ubao wa vumbi la mbao huvimba, na katikati inatokea kilima kidogo: mpira unaondoka katikati kwenda pande zote. Hiyo icheze kama ilivyo, na kama ni ya kwako, anza kutafuta jiwe.

Hatua ya 5: Pima unyevu kwa mpira unaosimama

Hili ndilo nililompa mdogo wangu kwenye simu. Weka mweupe na mpira mwingine katika mstari mnyoofu, shubiri mbili kati yake. Piga mweupe chini ya katikati, kwa nguvu ya kawaida, usimame dede pale unapogonga. Ongeza umbali shubiri moja moja, nguvu ileile, ukizidi kushusha ncha ya kyu. Umbali wa mwisho ambao bado unaweza kuusimamisha ndio kipimo cha meza ya siku hiyo.

Mezani kwangu, Julai kukiwa kukavu, nafika shubiri sita. Asubuhi baada ya mvua ya usiku nafika nne. Sufi ya kitambaa hunyonya unyevu wa hewa, inaukamata mpira mapema, na mzunguko wa nyuma unaisha njiani kabla haujafika. Mdogo wangu alikuwa anarudisha mweupe kutoka shubiri tano kwenye meza ya shubiri tatu. Kwa nguvu ileile ya nyumbani asingefanikiwa.

Meza yako ikitoa kipimo kifupi, fanya mambo mawili. Sogeza michezo yako: uache mweupe karibu na mpira unaofuata, usipange kurudisha kutoka mbali. Na ukilazimika, ongeza mwendo badala ya kuendelea kushusha ncha, maana mpira wa kasi hufika bado unateleza, ilhali ncha ikishuka mno huukosa mpira.

Usikaushe kitambaa kwa feni iliyosogezwa karibu ili kukausha sehemu moja; utapata meza mbili ndani ya moja. Funika meza kuanzia jioni, funga dirisha linalotazama ziwa, basi.

Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuifuata taa ya meza: zima taa wapungue, subiri walioanguka wakauke, kisha brashi. Ukiwafuta wakiwa wabichi wanaacha alama yenye mafuta, na mpira ukipita hapo unakwama kidogo kila mara.

Hatua ya 6: Kingo

Piga kutoka mdomoni mwa shimo la kati, mpira ubingirike taratibu hadi katikati ya ukingo mfupi. Kwa hesabu unapaswa kufika shimo la kati la upande wa pili. Ukigota kabla ya shimo, karibu na ukingo ulioupiga, kingo zinafungua, yaani zinaurudisha mpira kwa pembe pana. Ukilipita shimo, zinafunga, yaani pembe ni nyembamba. Rudia kwa nguvu: mpira wa kasi hufunga zaidi, kwenye meza yoyote. Kitambaa kipya na kikavu hufungua, chenye unyevu hufunga. Fanya kwa kingo zote mbili fupi, maana mara nyingi moja imechoka kuliko nyingine.

Hatua ya 7: Osha mipira

Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, suuza, kausha kabisa kwa taulo. Mipira michafu hushikana inapogongana, na mpira unaolengwa hutupwa pembeni ya ulikotaka uende. Ukiona alama ya chaki kwenye mweupe, omba ufutwe kabla ya kupiga. Poda ya mikononi siipendi mezani kabisa; inashuka kwenye kitambaa na haitoki. Ukitoka jasho, futa kwa taulo au vaa glavu.

Mvua ikianza katikati ya mchezo, huna haja ya kurudia yote. Ukiwa unasubiri zamu, mwangalie mwenzako anapousimamisha mweupe, hesabu shubiri.