Kulinganisha watu wa mikoa, Sensa ya 2012 na ya 2022: hatua kwa hatua

Ukichukua idadi ya watu wa Mkoa wa Mbeya kwenye Sensa ya 2012 ukaiweka kando ya ile ya 2022, utaona mkoa umepungukiwa na watu 363,656. Ukweli ni kwamba Mbeya imekua kwa kasi karibu sawa na ya nchi nzima. Kilichopungua ni eneo la mkoa wenyewe: mwaka 2016 ulimegwa, ikazaliwa Songwe. Hesabu zote zilizo hapa chini ni nyepesi. Kinachowaangusha watu ni mipaka, ndiyo maana hatua ya tatu ni ndefu kuliko nyingine.

Andaa kompyuta yenye LibreOffice Calc. Excel nayo inafaa, ila programu za jedwali za kwenye simu achana nazo: safu 31 kwenye kioo cha simu ni kujitafutia makosa.

Hatua ya 1: Chukua takwimu za sensa, usichukue makadirio

Unahitaji ripoti za mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, ya 2012 na ya 2022. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa pia makadirio ya idadi ya watu kwa miaka iliyo katikati. Hayo yana kazi yake, lakini ukiweka makadirio upande mmoja na sensa upande wa pili, unachopima ni kosa la makadirio, wala si mabadiliko ya watu.

Hatua ya 2: Ingiza namba, kisha jumlisha

Safu wima nne zinatosha kuanzia: mkoa, upande (Bara au Zanzibar), watu 2012, watu 2022. Mwaka 2012 mikoa ilikuwa 30, mwaka 2022 ilikuwa 31.

Ukinakili kutoka kwenye faili la PDF, namba zenye mkato wa maelfu mara nyingi huingia kama maandishi. Utazijua kwa kuwa zimeegemea kushoto mwa seli. Fomula ya kujumlisha, SUM, haitalalamika, itaziruka kimya kimya na kukupa jumla pungufu. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote hakiki jumla hizi:

2012: Bara 43,625,354, Zanzibar 1,303,569, Tanzania 44,928,923.
2022: Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773, Tanzania 61,741,120.

Lazima zilingane hadi mtu wa mwisho. Ukipishana kwa watu wawili, kuna tarakimu umekosea. Itafute, usisonge mbele.

Hatua ya 3: Sawazisha mipaka

Kanuni ni moja: unalinganisha ardhi ileile kwa nyakati mbili. Jina la mkoa halikuhakikishii ardhi ileile.

Kwa 2012 hadi 2022, katika ngazi ya mkoa, tatizo kubwa ni hilo la Mbeya na Songwe. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuunganisha. Jumlisha Mbeya na Songwe za 2022 (2,343,754 na 1,344,687, jumla 3,688,441), kisha linganisha na Mbeya nzima ya 2012 iliyokuwa na watu 2,707,410. Ni njia salama, na ndiyo ninayoipendelea pale mtu asipokuwa na haja ya kuiona Songwe peke yake. Utabaki na maeneo 30.

Njia ya pili ni kuigawa ya zamani. Songwe ilichukua Ileje, Mbozi, Momba na sehemu ya Chunya ya zamani. Hiyo Chunya ndiyo inayokula muda, kwa sababu haikuhama nzima. Inabidi ushuke hadi ngazi ya kata ujue zipi zimevuka. Bahati nzuri takwimu za 2012 zilishapangwa upya kwa mipaka mipya: Mbeya iliyobaki ilikuwa na watu 1,708,548 na Songwe 998,862. Zijumlishe uone kama zinarudi 2,707,410. Zinarudi, basi zitumie.

Ukishuka ngazi ya wilaya mambo yanachacha. Dar es Salaam ya 2012 ilikuwa na wilaya tatu, ya 2022 ina tano:

Kinondoni ilikuwa 1,775,049, sasa 982,328. Sehemu iliyokatwa ni Ubungo, 1,086,912.
Temeke ilikuwa 1,368,881, sasa 1,346,674. Sehemu iliyokatwa ni Kigamboni, 317,902.
Ilala ilikuwa 1,220,611, sasa 1,649,912.

Asiyejua atatangaza kuwa Kinondoni imepoteza karibu nusu ya watu wake. Ukiunganisha, Kinondoni na Ubungo zimeongezeka kwa asilimia 16.6, Temeke na Kigamboni kwa asilimia 21.6, na Ilala kwa asilimia 35.2. Kosa la Kinondoni linaonekana kwa macho kwa kuwa ni kubwa mno. La Temeke ndilo la hatari, kwa sababu kupungua kidogo kunaaminika. Mtu anaweza hata kulitungia sababu.

Kuna na mtego wa majina. Tangu 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ileile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kwenye jedwali la halmashauri, safu iliyoandikwa "Jiji la Dar es Salaam" ni Ilala peke yake, siyo mkoa. Zanzibar, Wilaya ya Magharibi ya 2012 utaikuta 2022 ikiwa Magharibi A na Magharibi B. Kwenye kata ndiyo usiseme: jina moja unaweza kulikuta wilaya mbili tofauti. Usioanishe majedwali kwa majina matupu. Tumia namba za utambulisho za maeneo, au tengeneza safu inayounganisha mkoa, wilaya na kata kuwa neno moja. Na ukitumia VLOOKUP (fomula ya kuvuta namba kutoka jedwali jingine), hoja ya mwisho, yaani ile inayokaa mwisho ndani ya mabano, iwe 0. Ukiiacha wazi itakuletea jina linalokaribiana bila kukuambia.

Anayetaka kurudi nyuma hadi Sensa ya 2002 ajifunge kibwebwe. Geita, Simiyu, Njombe na Katavi zilianzishwa 2012, miezi michache kabla ya sensa. Njombe ilitoka Iringa na Katavi ikatoka Rukwa, hizo ni rahisi kuunganisha. Simiyu ilitoka zaidi Shinyanga, lakini Busega ilikuwa Mwanza. Geita ilikusanywa kutoka mikoa mitatu: Mwanza, Shinyanga na Kagera, na Chato mwaka 2002 ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Biharamulo. Ushauri wangu: kwa 2002, unganisha Mwanza, Geita, Shinyanga, Simiyu na Kagera kuwa eneo moja. Utapoteza undani, lakini hutadanganya mtu.

Hifadhi nakala mbili: takwimu kama zilivyotoka, na takwimu zilizosawazishwa. Usisahihishe juu ya nakala ya kwanza.

Hatua ya 4: Kasi ya ongezeko kwa mwaka

Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia tarehe 26 Agosti 2012 na wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Hizo ni siku 3,649, yaani miaka 9.99. Ikiwa watu wa 2012 wako safu C na wa 2022 safu D, andika:

=LN(D2/C2)/9.99*100

Kwa nchi nzima utapata 3.18, nayo ndiyo ile asilimia 3.2 inayotajwa rasmi. Usigawanye ongezeko lote kwa kumi: asilimia 37.4 ukiigawa kwa 10 inakupa 3.74, namba isiyo na maana, kwa sababu wanaozaliwa nao huja kuzaa.

Jipime kwa majibu haya: Katavi 7.15, Pwani 6.12, Geita 5.38, Kusini Unguja 5.28, Dodoma 3.93, Dar es Salaam 2.10, Kigoma 1.50, Kilimanjaro 1.27.

Hatua ya 5: Nani amepanda, nani ameshuka

Kasi peke yake haitoshi, maana mikoa midogo hukimbia kirahisi. Ongeza safu mbili.

Ya kwanza ni fungu la mkoa katika taifa, kwa asilimia, kwa kila sensa. Ya pili ni tofauti na matarajio: zidisha watu wa 2012 kwa 1.3741954 (yaani 61,741,120 gawanya kwa 44,928,923), kisha toa jibu hilo kwenye watu wa 2022. Chanya maana yake mkoa umekua kuliko taifa, hasi maana yake umebaki nyuma. Jumla ya safu hii nchi nzima lazima iwe sifuri, au watu wachache tu kwa sababu ya desimali. Isipokuwa hivyo, kuna mkoa umeusahau.

Hapa ndipo utaona kazi ya hatua ya tatu imelipa. Mbeya bila kusawazisha inatoa hasi 1,377,000. Mbeya iliyosawazishwa inatoa hasi 4,000 hivi, yaani hakuna lolote.

Sasa angalia Dar es Salaam na Pwani. Dar imeshuka kutoka asilimia 9.71 ya taifa hadi 8.72, ikiwa nyuma ya matarajio kwa watu 614,000 hivi. Ukisimama hapo utaandika kwamba watu wanalikimbia jiji. Lakini Pwani imepanda kutoka asilimia 2.45 hadi 3.28, ikizidi matarajio kwa watu 515,000. Zichukue pamoja: asilimia 12.16 mwaka 2012, asilimia 12.00 mwaka 2022. Jiji halijakimbiwa, limefurika nje ya mpaka wake. Aliyejenga Mkuranga au Kibaha na kila alfajiri anapanda daladala kwenda kazini mjini amehesabiwa Pwani, kwa sababu sensa humhesabu mtu alipolala. Kwa hiyo kila unapoona jiji limepwaya, tazama jirani zake kabla ya kuandika sentensi yoyote.

Geita ni tofauti. Imezidi matarajio kwa watu 587,000, lakini Mwanza iliyo jirani imebaki nyuma kwa 110,000 tu. Mpaka pekee hauwezi kueleza pengo hilo. Kuna migodi ya dhahabu, kuna mashamba, na kuna uzazi mkubwa.

Hatua ya 6: Tenganisha uhamiaji na uzazi

Tofauti na matarajio siyo idadi ya waliohama. Kilimanjaro iko nyuma kwa watu 392,000 hivi, lakini huko familia ni ndogo kuliko mikoa mingi, kwa hiyo sehemu ya pengo ni watoto ambao hawakuzaliwa. Kigoma iko nyuma kwa 453,000 huku uzazi wake ukiwa juu. Hapo uhamaji ndio wa kushukiwa kwanza. Kumbuka pia kwamba Kigoma ni mkoa wenye kambi za wakimbizi, na kuingia au kurejea kwao husogeza namba bila kuhusiana na wenyeji.

Njia ya bei nafuu ni kufuata rika. Waliokuwa na miaka 10–14 mwaka 2012 walikuwa na 20–24 mwaka 2022. Gawanya hao wa 2022 kwa wale wa 2012, kwanza kitaifa. Zidisha uwiano huo kwa watoto wa 10–14 wa mkoa wako wa 2012. Unapata vijana ambao wangekuwepo kama hakuna aliyehama. Watoe kwenye vijana waliohesabiwa kweli, na kinachobaki ni waliohamia ukiondoa waliohama, kwa rika hilo. Fanya wanaume na wanawake mbalimbali, kwani hawahami kwa sababu zilezile.

Tahadhari tatu. Tumia makundi ya miaka mitano, kamwe usitumie umri wa mwaka mmoja mmoja: wengi hutaja umri unaoishia na 0 au 5, na mwenye 28 anageuka 30. Pili, uwiano wa kitaifa ukizidi 1 usishtuke. Ni ishara kwamba umri ulitajwa vibaya au sensa moja ilihesabu rika hilo vizuri kuliko nyingine, na kwa kuwa unautumia kwa mikoa yote, kosa linapungua makali. Tatu, watoto chini ya miaka 10 mwaka 2022 hawamo kwenye njia hii, walikuwa hawajazaliwa.

Kwa ongezeko la Dodoma, wengi hukimbilia kusema "ni wanafunzi". Agosti vyuo vikuu vingi huwa likizo ndefu. Tazama kwanza rika la 25–39, la wafanyakazi na wafanyabiashara waliofuata Serikali ilipoanza kuhamia huko.

Hatua ya 7: Ramani

Tumia QGIS, programu ya kuchora ramani. Paka rangi kasi ya ongezeko au mabadiliko ya fungu, usipake idadi ya watu: Tabora na Morogoro zitameza macho kwa ukubwa wa eneo. Madaraja matano yanatosha, moja ya mipaka yake iwe 3.2. Dar es Salaam na Mjini Magharibi ni nukta tu kwenye ramani ya nchi, zitengenezee kisanduku pembeni. Chati za duara kwa mikoa 31 sitaki hata kuziona.

Ukiona Songwe haina rangi, faili lako la mipaka ni la kabla ya 2016, na Mbeya iliyochorwa humo ni kubwa kuliko Mbeya ya kwenye jedwali lako. Tafuta faili jipya, au rudi kwenye maeneo 30 ya hatua ya tatu.