Unaanza flatibedi? Soma hii kabla hujapakia

Kama umetoka kwenye kontena umezoea kufunga mlango, kupiga lakiri, safari imeanza. Huku sahau hiyo. Kwenye flatibedi, yani trela ya wazi isiyo na kuta, kuendesha ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine iko pale nyuma juu ya mzigo, na hiyo ndo inawatoa watu jasho.

Forklifti ikishamaliza kupakia, yule jamaa anaondoka zake na mzigo unabaki wa kwako. Kwa hiyo kama umekaa upande, au vipande vya mbao vya chini ya mzigo havijapangana na vya juu yake, mwambie asogeze. Atanuna, mwache anune.

Haya, mikanda ya kufungia mzigo iwe mingapi? Usikadirie kwa macho, angalia lebo ya mkanda, pale penye herufi WLL, hiyo ndo nguvu unayoruhusiwa kuutumia, sio ile namba kubwa ya kukatikia. Marekani sheria inataka jumla ya WLL ifike angalau nusu ya uzito wa mzigo, na hata kama huko uliko hakuna anayekuuliza mi naona ni mahali pazuri pa kuanzia. Mkanda mpana wa inchi 4 mara nyingi una kama kilo 2,450, sasa mzigo wa tani 20 unataka kilo 10,000, mikanda minne inakupa 9,800, yani haitoshi, weka mitano, na mimi naongeza wa sita. Lebo ikishafutika hesabu utaipata wapi? Mkanda huo tupa. Ulioungwa kwa fundo nao tupa.

Na usifikirie mikanda ya juu peke yake itazuia nondo au mabomba yasije mbele. Ukikanyaga breki kwa nguvu mzigo unaweza kusukuma mbele kwa karibu asilimia 80 ya uzito wake, na chuma kwenye sakafu yenye mafuta kinateleza kama sabuni, na mbele ya hicho chuma kuna kichwa cha lori na ndani yake upo wewe. Weka mpira chini, egemeza mzigo kwenye ukuta wa mbele wa trela kama ukuta wenyewe ni imara, au zungusha mnyororo mbele ya mzigo uuzuie. Kwenye kona kali za chuma weka kinga, la sivyo mkanda utasagika taratibu na hutajua mpaka ukatike.

Mimi safari ya kwanza nilibeba mbao mbichi. Nikakaza mikanda mpaka ukiigonga kwa kidole inalia, nikajiona fundi. Kama kilomita 30 mbele nikasimama kwa sababu ya haja ndogo tu, kugusa mkanda wa katikati unacheza kama kamba ya kuanikia nguo! Hakuna aliyeufungua, mbao zilikuwa zimeshukiana kwa mtikisiko basi. Tangu hapo nasimama mapema hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Wamarekani wameiandika kabisa, kagua ndani ya maili 50 za kwanza, yani km 80 hivi, halafu kila maili 150 au masaa 3, kinachotangulia.

Wakati wa kukaza mikanda kwa lile fimbo la chuma usisimame uso ukiwa juu yake, likichomoka linakuja kwenye meno. Na kushuka usiruke, sakafu ya trela iko kama mita moja na nusu juu na hapo bado hujapanda juu ya mzigo, magoti yanakwisha hivyohivyo. Shuka ukiangalia trela, mikono imeshika.

Turubai sasa, hapo ndo utajuta. Moja linaweza kuzidi kilo 40, likilowa usiseme. Kukiwa na upepo usilifungue lote kwa mpigo, lilaze bado limekunjwa juu ya mzigo, funga upande upepo unakotoka kwanza, halafu ndo ulifunue kidogo kidogo. Kama ni mawili anza na la nyuma, la mbele lije kulilalia, maana ukigeuza upepo wa safari unaingia kwenye maungio na utasikia linapiga makofi njia nzima, asubuhi unakuta limebaki vipande.