Kadi ya grafiki inachemka? Kabla ya kulaumu pesti, pima pedi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana wa hapa Langoni, Lamu, anayehariri video za harusi. Kila akianza kutoa video, feni zilivuma na skrini ikazima. Wengi husema ni joto la mji. Joto la chumba huchangia, lakini huku pwani wabaya zaidi ni vumbi lenye unyevu wa chumvi, manyoya ya paka na pesti iliyokauka, yaani ile krimu inayopakwa kati ya chipu ya kadi na kipoza joto ili joto lipite.

1. Pima kwanza. Mimi natumia programu ya HWiNFO, ni ya bure. Ipe kadi kazi nzito kwa dakika 15, kisha tazama joto la chipu kwa jumla na la pale palipo moto zaidi. Kadi nyingi za Nvidia huanza kujipunguzia kasi kwenye nyuzi 83 hivi. Tofauti ya namba hizo mbili ikizidi nyuzi 25, shuku kwamba kipoza joto (kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya chipu) hakiilalii chipu sawasawa.

2. Itoe. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua skrubu, bonyeza klipu ya sloti (pale kadi ilipochomekwa kwenye bodi), vuta.

3. Vumbi. Brashi laini na blowa ndogo. Zuia panga za feni kwa kidole zisizunguke ovyo. Kompresa ya gereji sitaki hata kuiona karibu na kadi, hutema maji na mafuta. Rudisha kadi upime tena. Mara nyingi kazi huishia hapa.

4. Fungua. Legeza kwa mshazari skrubu nne zenye springi zilizoizunguka chipu. Skrubu za huku hushika kutu, kwa hiyo tafuta bisibisi inayojaa kichwani. Kipoza kikiganda, kizungushe taratibu kushoto na kulia, usikibandue kwa chuma. Angalia waya za feni kabla ya kukiinua. Futa pesti kuukuu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya vidonda huweza kuwa na mafuta yanayoacha utando.

5. Pedi. Hapa ndipo mchana wetu ulipoishia. Pedi ni vile vipande laini vinavyokaa kati ya kipoza na memori, na kati ya kipoza na saketi za umeme. Huuzwa kwa unene: milimita 0.5, 1, 1.5, 2, na kadi moja yaweza kuhitaji zaidi ya unene mmoja. Ikiwa nyembamba mno, memori haiguswi. Ikiwa nene mno, hukiinua kipoza kikaning'inia juu ya chipu, nawe utabadilisha pesti mpaka uchoke.

Kadi ya kijana huyu ilikuwa imepitia kwa fundi mwingine aliyeweka pedi za milimita 2 kila mahali. Tulipoifungua, pesti kwenye pembe moja ya chipu ilikuwa bado imetuna vilevile ilivyotoka kwenye bomba, haijaminywa hata kidogo.

Kwa hiyo usitupe pedi za zamani kabla ya kuzipima. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu ambayo haikuminywa, maana iliyominywa itakudanganya. Kama zimebadilishwa na mtu, tafuta vipimo vya modeli yako hasa. Jina kufanana tu hakutoshi, toleo hutofautiana. Kisha jaribu: panga pedi mpya, paka pesti kidogo, funga, fungua tena. Pesti ikiwa imesambaa chipu nzima na kila pedi ina alama ya mraba wa memori, umepata. Ngozi za plastiki za pande zote mbili uwe umezitoa. Hapa Lamu agiza unene wote kwa mpigo, maana kusubiri mzigo wa Mombasa ushuke Mokowe kisha uvuke kwa boti kwa ajili ya kipande kimoja ni mateso.

6. Pesti na kufunga. Funika chipu yote, heri izidi kidogo. Chagua isiyopitisha umeme. Ile ya metali ya maji achana nayo: hula alumini, na tone likidondoka kwenye bodi kadi imekwisha. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, mpaka skrubu zigote.

Na anayekushauri uipike kadi kwenye oveni, mwache apike yake.

7. Pima tena kwa kazi ileile na muda uleule. Tofauti ikibaki kubwa, rudi hatua ya 5. Ikishuka, isogeze kompyuta mbali na dirisha linaloingiza upepo wa kusi, na ufute vumbi kila baada ya miezi michache.